Kioo kipya, kamera za zamani: kwa nini Forester "inayosimama yenyewe" haikusimama

"Fundi, gari hii huwa inasimama yenyewe."

Ndivyo alivyoniambia yule mama, mkono ukiwa bado kifuani pale mkanda ulipombana. Subaru Forester yake ya mwaka 2016 ilikuwa imegonga nyuma ya lori Barabara ya Mandela, kati ya Tabata na Buguruni, asubuhi ya foleni ya kusogea na kusimama. Hakuna aliyeumia vibaya. Bampa, rejeta, taa ya kushoto na ukingo wa boneti ndivyo vilivyokwenda. Alikuwa na bima kubwa, kwa hiyo bati halikumnyima usingizi. Kilichomuuma ni maneno ya mkaguzi wa bima, "uzembe wa dereva", wakati yeye alikuwa na uhakika kwamba gari ndilo lililomwangusha. Kwa zaidi ya mwaka lilikuwa likimpigia kelele na kujikanyagia breki kila daladala lilipomkatia mbele. Siku ile lilinyamaza.

Mumewe aliniomba niandike maelezo ya kitaalamu. Wameniruhusu niyaweke hapa bila majina yao, na bila jina la duka la vioo lililohusika. Nayaandika kwa urefu kwa sababu gari kama hili sasa liko kila mtaa, na mlolongo ulioliharibu unaweza kumpata yeyote.

Kwanza mfumo wenyewe. Forester ya mwaka ule ina EyeSight, mfumo wa Subaru wa kuonya na kujikanyagia breki, toleo la tatu. Ni kamera mbili zilizokaa juu, nyuma ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo kidogo cha kutazamia nyuma, zikiachana takribani sentimita 35. Subaru walianza kuuza EyeSight nchini Japani mwaka 2008. Toleo la pili, la mwaka 2010, likaweza kusimamisha gari kabisa. Toleo la tatu lililoanza na gari lao la Levorg mwaka 2014 likaleta kamera za rangi zinazoona mbali na kwa upana zaidi, na kwa maelezo ya kiwanda linaweza kuepusha ajali ya kugonga kilicho mbele iwapo tofauti ya mwendo haizidi takribani kilomita 50 kwa saa. Linaanza kwa mlio. Dereva asipofanya kitu linakanyaga breki kidogo, na akiendelea kukaa kimya linakanyaga kwa nguvu zote. Halitumii rada kutazama mbele. Chochote linachojua kuhusu barabara kimepita kwenye kioo.

Mifumo ya namna hii inafanya kazi, na nasema hivyo kwa sababu mafundi wengi hapa mjini wanaiona ni mapambo. Taasisi ya Marekani inayofanya utafiti wa usalama barabarani kwa fedha za kampuni za bima, IIHS, ililinganisha magari yenye onyo na breki ya kujikanyaga na magari yasiyo nayo, ikakuta ajali za kugonga wa mbele zinapungua kwa takribani nusu. Ajali aliyoipata mama huyu ni ya aina hiyo hiyo.

Nilipowasha gari, kabla sijafungua kitu, niliona taa ya manjano ya EyeSight kwenye dashibodi. Kando yake iliwaka nyingine, ya kuonyesha kwamba breki ya kuzuia ajali haifanyi kazi, na katikati ya saa za dashibodi kulikuwa na maandishi ya Kijapani. Nikamuuliza taa zile zina muda gani.

"Hizo? Toka tubadilishe kioo. Fundi umeme alisema hazina kazi huku."

Hadithi nzima ikatoka hapo. Familia ilikuwa imerudi kutoka Dodoma, na karibu na Chalinze jiwe lililorushwa na tairi la lori likakipiga kioo cha mbele, kikapata ufa mrefu. Walipofika Dar wakaenda duka la vioo, wakapewa kioo kisicho cha kiwanda kwa bei nafuu mara kadhaa kuliko cha asili, kikafungwa mchana huohuo. Walipokuwa wanarudi nyumbani taa ya manjano ikawaka. Walirudi dukani wakaambiwa itajizima yenyewe gundi ikikauka. Haikuzima. Baadaye fundi umeme wa mtaani akabonyeza kitufe cha kuzima breki ya kuzuia ajali na kukishikilia, akitegemea kuondoa taa, lakini haikuondoka. Gari likaendeshwa hivyo miezi.

Kwa nini mama hakugundua kwamba msaidizi wake ameondoka? Hili nimelifikiria sana, maana yeye si dereva mzembe. Breki ya kujikanyaga haifanyi kazi kila siku. Mtu anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuihitaji, na siku asipoihitaji, gari lenye mfumo na gari lisilo nao vinaendeshwa sawasawa. Juu ya hapo, kelele nyingine zilibaki: sensa za kurudi nyuma bado zilipiga mlio, mlio wa mkanda ulikuwepo, na yule dada wa Kijapani wa kadi ya ushuru wa barabara bado alisema maneno yake kila gari lilipowashwa. Gari lilisikika zima. Na kwa mtu asiyesoma Kijapani, maandishi ya kwenye saa ni sehemu ya gari tu, kama yalivyo maandishi ya kwenye redio ambayo hakuna aliyewahi kuyaelewa.

Gari lenyewe halikudanganya mtu. Taa ya manjano ya EyeSight maana yake mfumo una hitilafu na umejitoa kazini. Kuna alama nyingine, nyeupe, inayosema mfumo umepumzika kwa muda: mvua kubwa, ukungu, jua la machweo linaloingia moja kwa moja kwenye kamera, kioo kichafu, au joto kali ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ile nyeupe hapa Dar utaiona mara nyingi ukiegesha Kariakoo mchana, na hali ikitengemaa mfumo unarudi wenyewe. Ile ya manjano hairudi mpaka mtu alishughulikie tatizo. Mwenye gari hizi ajue tofauti ya rangi hizo mbili, hata kama hatajua kingine chochote. Aongeze hili pia: taa ya injini ikiwaka kwenye Subaru, mara nyingi EyeSight nayo inajiondoa, kwa hiyo taa ya injini iliyozoeleka miezi sita imekuondolea na breki hii.

Sasa kioo. Duka lilijitetea kwa hoja inayosikika vizuri: "Sisi kamera hatukuzigusa, ziko palepale." Na ni kweli kwamba kwenye gari hili kamera zimeshikiliwa na paa, kwa hiyo kioo kinaweza kutoka na kuingia zenyewe zikiwa mahali pake. Lakini kamera haitazami barabara, inatazama kioo, na kioo ndicho kinachotazama barabara. Kila kioo kinapinda mwanga kidogo, na cha kiwanda kwa gari la EyeSight kinatengenezwa kwa uangalifu hasa kwenye yale madirisha mawili ya kamera.

Nifafanue kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodhani tunatafuta fedha ya ziada. Kamera mbili zinapima umbali kama macho mawili: kitu kimoja kinaonekana mahali tofauti kidogo katika kila picha, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa umbali. Kwa kamera zilizoachana sentimita 35, kitu kilicho mita 50 mbele kinatoa tofauti ya takribani nyuzi (digrii) 0.4. Kikiwa mita 40, tofauti inakuwa takribani nyuzi 0.5. Yaani kati ya mita 50 na mita 40 kuna sehemu moja ya kumi ya nyuzi peke yake. Kioo kinachopinda mwanga kwa kiasi hicho upande wa kulia na kisipinde upande wa kushoto kimelisogeza lori mita kumi ambazo hazipo. Ndiyo maana kompyuta ya kamera, ikiona picha zake mbili hazikubaliani, inachagua kujizima kuliko kukanyaga breki kwa kubahatisha. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi sahihi wa waliolitengeneza.

Niliwaonyesha wenye gari kwa macho yao. Nilisimama nje mbele ya gari, nikatazama kupitia eneo la kamera ya kushoto mpaka kwenye ukingo ulionyooka wa mlango wa nyuma, kisha nikasogeza kichwa taratibu kulia. Ule ukingo ulitikisika kama uko chini ya maji. Upande wa kulia ulitikisika pia, lakini kidogo tu. Mume alirudia mwenyewe mara kadhaa na hakusema kitu. Halafu akauliza ile karatasi nyeusi juu ni ya nini. Ilikuwa tinti, utepe wa kukinga jua uliobandikwa upande wote wa juu wa kioo siku chache baada ya kufungwa. Ukingo wake wa chini ulikuwa umeingia kwenye dirisha la kamera kwa upana wa kidole. Kitabu cha gari kinakataza kubandika chochote hapo.

Ukaguzi ukaendelea chini ya gari, nikakuta la tatu. Kwa ajili ya mizigo ya duka, nyuma zilikuwa zimewekwa spesa, vipande vya kuinulia gari, zilizoinua mkia kwa takribani sentimita nne. Kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ya Forester hii kuna mita 2.64. Ukigawanya, pua ya gari imeinama kwa nyuzi 0.87, na kamera zinazotazama mita 50 mbele zimelenga chini zaidi kwa karibu sentimita 75. Kitabu cha gari kinaonya kuhusu kubadilisha urefu wa gari, na kinataka matairi yote manne yawe ya saizi moja. Spesa ni jambo la kawaida kwa barabara zetu na silaumu anayeziweka kwenye gari lisilo na kamera. Kwenye gari la kamera, anayeziweka amegeuza macho ya gari bila kujua.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilithibitisha: kazi ya kuzipanga upya kamera, ambayo mafundi wanaiita kalibresheni, haikuwahi kukamilishwa baada ya kioo kubadilishwa.

Basi, je, mfumo ungekuwa mzima, ungeliokoa gari? Hapa sikutaka kumfurahisha mteja. Lori aliloligonga lilikuwa bapa, halina bodi nyuma, limebeba mabomba ya chuma yaliyotokeza kidogo nje ya mkia. Bahati ilikuwa kwamba ncha zake zilisimama juu ya boneti bila kufika kwenye kioo. Kitabu cha EyeSight kinataja magari ya namna hiyo waziwazi miongoni mwa yale ambayo kamera inaweza kushindwa kuyatambua: yaliyo na mkia mfupi au mtupu, trela za chini, mizigo iliyotokeza. Kulikuwa kumepambazuka, mwendo wake ulikuwa kama kilomita 40 kwa saa na lori lilikuwa limekwisha kusimama, kwa hiyo tofauti ya mwendo ilikuwa ndani ya uwezo wa mfumo. Niliandika kwamba mfumo mzima ungepiga mlio kabla ya kugonga, na kwa uwezekano mkubwa ungepunguza mwendo, lakini siwezi kuapa kwamba ungelisimamisha gari kabla ya yale mabomba. Mama alikuwa ametazama kioo cha pembeni, bajaji ilikuwa inajipenyeza. Mlio peke yake ungerudisha macho yake mbele.

Kwa usiku ningeandika kwa tahadhari zaidi. IIHS walipochunguza breki za kuzuia kugonga waenda kwa miguu, mwaka 2022, walikuta zinapunguza ajali hizo kwa asilimia 27 kwa ujumla, lakini kwenye giza lisilo na taa za barabarani hawakuona tofauti yoyote. Nasi tunajua barabara zetu za mikoani usiku: lori limeharibika, halina taa, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa nyuma yake. Mwenye Forester, CX-5, X-Trail au gari lolote la aina hii asiende usiku kwa kutegemea kamera imwonee lori hilo.

Matengenezo yalichukua muda kwa sababu ya kioo. Tulikataa cha bei nafuu, tukaagiza cha asili chenye namba ya gari lenye EyeSight, maana Forester isiyo na EyeSight ina kioo chake tofauti. Tinti ikabanduliwa, spesa zikatolewa, alaimenti ikafanywa, upepo wa matairi ukawekwa kwa kipimo cha kwenye mlango, tangi likajazwa, na mizigo yote ikashushwa hadi boksi la vifaa. Halafu ndipo kamera. Watu wanafikiri ni kuchomeka mashine na kubonyeza kitufe. Kazi kubwa iko sakafuni. Sakafu lazima iwe sawa, tukaipima kwa pima maji kwenye kila tairi. Mstari wa katikati wa gari tuliupata kwa kushusha timazi kutoka nembo ya mbele na ya nyuma, tukaunganisha alama mbili kwa uzi, tukaurefusha mbele, na ubao wenye michoro ya kamera ukasimamishwa juu ya mstari huo kwa umbali na kimo ambacho mashine inataka. Kijana wangu aliona nahangaika na sentimita moja akauliza kama ina maana. Nikamwambia arudie ile hesabu ya nyuzi 0.1. Mashine ilikataa mara ya kwanza kwa sababu ya mwanga wa jua uliokuwa ukiingia mlangoni na kuangaza ubao. Tulipofunga mlango ikakubali, na taa ya manjano ikazimika. Lugha ya saa haikubadilika kuwa Kiingereza, kwa hiyo tulimchapishia mama picha za maonyo yote na maelezo yake kwa Kiswahili, zikakaa kwenye kisanduku cha dashibodi.

Mumewe alitaka tujaribu kwa kuliendea boksi la karatasi uwanjani. Nilikataa, na kiwanda nacho kinakataza. Boksi si gari, kamera inaweza kulipuuza, na dereva anayeketi akisubiri breki ijikanyage anajifunza tabia mbaya kuliko zote.

Jambo lililonikera katika kisa hiki ni kwamba kioo hichohicho kingevunjika Japani, mambo yangekwenda tofauti kwa nguvu ya sheria. Tangu Aprili 2020 sheria yao ya magari inahesabu kutoa na kufunga kioo cha mbele kwenye gari lenye kamera za breki kuwa kazi maalumu, inayohitaji gereji yenye kibali na vifaa vya kuzipanga kamera. Gereji zilizokuwa zikifanya kazi hiyo zilipewa hadi Machi 2024 kujipanga. Gari likishapanda meli, sheria hiyo inabaki bandarini, na hapa kioo ni kioo. Wakati huohuo magari yanayokuja yana mifumo hii kwa wingi zaidi kila mwaka. Japani imelazimisha breki ya kujikanyaga kwa matoleo mapya ya magari madogo ya nchini humo kuanzia Novemba 2021. Kenya, inayokataa gari lililozidi miaka minane, itaanza kupokea karibu magari ya namna hii tu. Sisi Tanzania tutayapata polepole zaidi, lakini tutayapata.

Wenye Toyota wasijione wako salama kwa kuwa nimetaja kioo. C-HR na RAV4 za karibuni zina kamera moja kwenye kioo na rada nyuma ya nembo ya mbele. Ngao ya chuma mbele ya bampa, nembo ya bandia iliyobandikwa baada ya ile ya asili kuibwa, au bampa lililonyooshwa na kupakwa rangi upya, vyote vinaipofusha rada. Wizi wa nembo ni jambo la kila wiki hapa, na sijawahi kuona mtu akinunua nembo mtaani akaulizwa kama gari lake lina rada.

Malipo yalileta mvutano. Bima ililipa bati na rejeta, na baada ya kusoma maelezo yangu mkaguzi aliondoa neno uzembe. Duka la vioo lilikubali kurudisha fedha ya kile kioo na likakataa gharama ya kuzipanga kamera, kwa hoja kwamba hakuna aliyewaomba kazi hiyo. Tulipoitazama risiti yao, iliandikwa "kioo cha mbele na gundi" na hakuna kingine, kwa hiyo hatukuwa na pa kushika. Mama alilipa mwenyewe. Sasa wateja wangu wote wenye kamera juu ya kioo nawaambia wadai maneno mawili zaidi kwenye risiti kabla kioo cha zamani hakijatolewa: namba ya kioo kinachofungwa, na nani atakayezipanga kamera, kwa gharama ya nani.